Mwambie Jirani: Kuishi na Demensia Katika Mitaa ya Kigali

Daktari akishatamka neno demensia, familia nyingi za hapa Kigali hufunga geti. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu haendi tena msikitini wala kanisani, harusini haonekani, wageni wakija anaambiwa akapumzike chumbani, na majirani wakiuliza wanajibiwa kwamba ana malaria au uchovu tu. Nia ni njema, maana watoto wanaona wanalinda heshima ya mzazi wao. Lakini geti hilo linamdhoofisha mgonjwa upesi kuliko tunavyodhani, na anayemuuguza linamchosha hadi naye augue. Ushauri wangu mkubwa, ambao mengine yote yanaufuata, ni huu: mwambie jirani. Mwambie mapema, mwambie bila kuzunguka, usingoje siku mzee atakapopotea ndipo mtaa mzima ujue kwa kelele.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani. Demensia si uzee wenyewe, wala si wazimu. Ni mkusanyiko wa dalili zinazoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo pole pole, mpaka mtu ashindwe shughuli alizozizoea. Anayesahau jina la mjukuu wake wa tisa kisha akalikumbuka jioni, huyo ni mzee kama wazee wengine. Mama aliyepika isombe miaka arobaini, leo akasimama mbele ya sufuria asijue sasa kinatiwa nini, huyo apelekwe kwa daktari. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa, ukichukua wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100. Umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza hali ya mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke aliyefikishwa hospitalini akiwa na miaka hamsini na ushei tu. Kwa hiyo tusidhani kwamba mtu wa makamo amesalimika. Aina nyingine inayotuhusu sana hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na mara nyingi nyuma yake kuna shinikizo la damu lililoachwa bila dawa kwa miaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Rwanda ni nchi ya vijana, ndiyo maana tumechelewa kuuona ugonjwa huu. Lakini sensa ya 2002 ilikuta wastani wa umri wa kuishi ni miaka 51.2, na ya 2022 ikakuta 69.6. Wazazi wetu wanaishi miaka ambayo babu zetu wengi hawakuifikia, na ni katika miaka hiyo demensia huingia nyumbani.

Nayo haiingii kwa kusahau tu. Mara nyingi mlango wa kwanza ni tabia. Baba mpole anakuwa mkali. Mama aliyekuwa roho ya kila sherehe anakaa kimya pembeni, kwa sababu mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja yamemzidi kasi. Au fedha zinapotea. Mzee anasema ameibiwa, anamtaja mfanyakazi wa ndani, msichana analia na kuapa, na kabla ya jioni amefungashiwa virago kurudi kwao. Wiki mbili baadaye godoro linageuzwa na noti zinaonekana, zimekunjwa ndani ya soksi, pale pale alipozificha mwenyewe kwa kuogopa wezi. Kabla ya kumfukuza mtu, tafuteni. Tafuteni ndani ya sufuria zisizotumika, mifukoni mwa makoti ya zamani, chini ya unga. Na mkizipata, msimwendee mzee na ushahidi kama mahakamani. Mwambieni, "Mama, hela zako zimeonekana, hizi hapa," basi. Anayetakiwa kuombwa radhi ni yule msichana.

Kuna tuhuma nyingine mbaya zaidi, ya uchawi. Bibi anayetembea usiku, anayezungumza na wasiokuwepo, anayesahau kuvaa nguo sawasawa, ni rahisi sana watu kusema amelogwa au yeye ndiye mlozi. Jirani zetu wameonja matokeo yake. Huko Usukumani nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yaliiva kwa moshi wa kuni. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamekimbia makwao na kutafuta hifadhi Kaya Godoma. Ukisikia mtaani kwako neno hilo linaanza kunong'onwa juu ya mzee fulani, usinyamaze. Sema wazi kwamba ni maradhi ya ubongo, na umpeleke mshauri wa afya wa kijiji akaseme hivyo hivyo.

Hospitali nayo isirukwe, hata kama umeshasikia kwamba demensia haina dawa ya kuiponya. Mambo mengi huiga demensia na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni kubwa, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, pombe, na damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya mzee kuanguka na kila mtu kusema "hakuumia." Dawa nazo huchanganya akili. Hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi vinaweza kumvuruga mtu wa miaka 75, kwa hiyo beba mfuko mzima wa dawa anazotumia ukamwonyeshe muuguzi. Na kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Yaweza kuwa maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka au kiharusi. Piga 912, gari la wagonjwa lije.

Kwa mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, njia huanzia kituo cha afya, ikaenda hospitali ya wilaya, kisha kwa karatasi ya rufaa ikafika CHUK, hospitali ya chuo kikuu, au Ndera. Najua watu wanavyolitaja jina la Ndera. Wapo walioacha matibabu kwa kuogopa mzazi wao asije akaitwa mwendawazimu. Ndera, iliyoanzishwa na mabruda wa Shirika la Upendo, ni hospitali ya magonjwa ya akili na ya mfumo wa fahamu pia. Wenye kifafa wanatibiwa huko, na mwenye demensia ana haki hiyo hiyo. Dawa kama donepezili huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, hazirudishi kilichopotea. Dawa mpya zilizoanza kuidhinishwa Marekani miaka ya karibuni ni za hatua za mwanzo tu, zinadai picha za ubongo za mara kwa mara na gharama kubwa mno, kwa hiyo mtu akikuuzia mtaani chupa ya "dawa ya Alzheimer," mfukuze.

Msihofu pia kwamba mzee asiyesoma hawezi kupimwa. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walikuta takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, na wakatengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee hutajiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, huulizwa daraja ni kitu gani, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani, huombwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo alilopangiwa. Huko huko Hai walijaribu kuwakusanya wagonjwa katika vikundi vidogo kijijini, wakizungumza, wakiimba na kucheza michezo waliyoijua, na hali yao ikapata nafuu. Kikundi kama hicho hakihitaji jengo. Uwanja wa msikiti baada ya alasiri unatosha, au ukumbi wa parokia siku isiyo na misa.

Sasa turudi kwa jirani. Kigali tuna bahati ambayo miji mingi mikubwa imeipoteza: hakuna nyumba isiyo na isibo. Isibo ni kaya chache tu, zenye kiongozi, mutwarasibo, anayezijua kwa majina. Juu yake upo umudugudu, yaani kijiji, na katika kila umudugudu wapo washauri wa afya waliochaguliwa na wakazi wenyewe, watu wanaopima watoto na kufuatilia wajawazito tangu mpango huo uanze mwaka 1995. Ipo jioni ya familia, umugoroba w'imiryango, ambako mambo ya nyumbani huzungumzwa. Ulaya watu wanahangaika kuunda upya mitandao ya namna hii kwa fedha nyingi. Japani ilianza mwaka 2005 kuwafundisha raia wa kawaida, wauza duka, wafanyakazi wa benki, watoto wa shule, kwa somo la dakika 90 tu, na sasa waliofundishwa wamepita milioni 10. Sisi mtandao tunao tayari. Kinachokosekana ni familia kufungua mdomo.

Basi useme nini? Usianze na historia ndefu wala machozi. Nenda na mzee mwenyewe kama bado anaelewa, umwombe ruhusa kwanza, maana ugonjwa ni wake. Mwambie mutwarasibo hivi: "Baba amepatwa na ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha. Anapenda kutembea jioni. Mkimwona amepita duka la kona peke yake, msimkemee wala msimshike kwa nguvu. Msalimieni kwa jina, mwulizeni habari za ng'ombe wake, tembeeni naye kidogo, na mnipigie simu hii." Maneno hayo yana kila kitu jirani anachohitaji: ana nini, anafanya nini, nifanye nini, nimwite nani. Yarudie kwa mwenye duka, kwa muuza chapati, kwa mlinzi wa usiku, kwa imamu au mchungaji.

Wape maneno hayo na motari wa kijiweni. Mzee akipanda pikipiki Biryogo na kusema "nipeleke sokoni mjini," kumbe anataja soko kuu la zamani lililobomolewa miaka mingi, kijana asimcheke na wala asimtembeze kutwa kwa ajili ya nauli. Amrudishe kijiweni alikompakia, au apige 112. Motari wanaufahamu mji huu kuliko polisi wengi, na vyama vyao vya ushirika vikipewa nusu saa ya maelezo vitaokoa watu. Wewe nyumbani shona namba ya simu upande wa ndani wa koti, au kwenye pindo la kitenge, kwa uzi usiochujuka. Kitambulisho halisi kihifadhi, mwachie nakala, maana kile halisi kitapotea. Kuwa na picha yake ya karibuni kwenye simu. Akipotea, usipoteze saa nzima ukimtafuta peke yako kwa kuona haya: mutwarasibo, kikundi cha isibo, polisi, kwa mpangilio huo, na yote ndani ya nusu saa. Nyamirambo ina ngazi kali na mifereji mirefu ya maji ya mvua, na giza la Kigali huingia mapema, saa kumi na mbili na robo tu.

Niseme kidogo juu ya hii safari ya jioni, kwa sababu ndiyo inayowavunja watu moyo. Chukua mzee aliyeishi Kiyovu ya chini, ile waliyoiita Kiyovu ya maskini, kabla haijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 2000 na wakazi wengi kuhamishiwa Batsinda. Kila jua likielekea Mont Kigali anatafuta kofia na fimbo. "Nakwenda nyumbani. Mama watoto ananingoja." Binti yake, aliyechoka, anamjibu kweli tupu: "Baba, mama alishafariki, na nyumba ile haipo." Tazama uso wa mzee. Amefiwa sasa hivi. Atalia kama mtu aliyepata habari leo, na baada ya saa moja atasahau alichoambiwa ila uzito wa moyo utabaki. Kesho jioni atafiwa tena.

Wengine watauliza, basi tumdanganye? Hapana, hulazimiki kusema uongo, na hulazimiki kusema yote. "Baba, Kiyovu kwako palikuwaje? Uani mlikuwa na mti gani?" Ataketi kukueleza juu ya mparachichi. Mpe chai ya maziwa. Akisisitiza kutoka, tokeni pamoja mpaka kona, salimianeni na watu, mrudi. Mara nyingi anachokitaka si nyumba bali utulivu aliokuwa nao ndani yake, na jioni ndiyo saa ubongo uliochoka hukosa utulivu kabisa. Washa taa kabla giza halijaingia, punguza sauti ya televisheni, mlishe mapema.

Katika mji wetu jambo hili lina utata wa pekee, kwa kuwa wazee wengi wa Kigali wamezaliwa mbali na Kigali. Wapo waliorudi baada ya 1994 kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Demensia hula kwanza yaliyo mapya na kuacha ya zamani, lugha ikiwamo. Bibi aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anaweza kuamka siku moja akiongea Kiswahili cha Buyenzi na wajukuu wanaojua Kinyarwanda na Kiingereza tu, akawaona wageni. Tafuteni jirani wa rika lake anayekisema, aje kumsalimia mara mbili kwa juma. Mwekeeni taarabu au nyimbo za dini alizozijua utotoni, maana nyimbo na dua hudumu ndani ya mtu muda mrefu baada ya majina kuondoka. Mzee anayekosea idadi ya rakaa asiondolewe kwenye safu. Asimame kando ya mwanawe, amfuate. Na juu ya saumu ya Ramadhani, muulizeni sheikh wenu mapema: aliyepoteza akili sheria haimkalifu, na dawa zake hazifai kukatizwa.

Kisha uko mwezi wa Aprili. Siandiki sehemu hii kwa wepesi. Tarehe 7 inapoanza wiki ya maombolezo ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, radio zote hugeuka, nyimbo za kumbukumbu husikika toka kila dirisha, na mzee mwenye demensia aweza kushindwa kutambua kwamba yanayosimuliwa ni ya 1994. Kwake ni usiku huu. Atajificha chini ya kitanda, atawazuia watoto kutoka, atakataa kufungua mlango kwa mtu aliyemjua miaka ishirini. Tafiti zilizofanywa nje zimekuta kwamba walioishi na majeraha mazito ya nafsi wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata demensia, na kupigwa kichwani nako ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana; katika kizazi hiki wapo waliobeba yote mawili.

Usimwambie "hayo yamepita." Mwambie "niko hapa, tuko salama, mlango nimefunga mimi," na ukae. Msimwache peke yake usiku wa kuamkia siku zile anazozikumbuka zaidi. Radio ipewe muda wake, isiwashwe kutwa. Kama alizoea kwenda kwenye ukumbusho, aende, na mtu wa kumshika mkono, akae karibu na njia ya kutokea. Na wale wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wanaohudumia wanaopatwa na ihahamuka, yaani kurudiwa na kiwewe, waelezwe mapema kwamba ana demensia, wasije wakampa maelekezo marefu asiyoweza kuyafuata. Ndugu ambao mmekuwa mkimtunza bila kuguswa na historia yenyewe, vumilieni msichokielewa.

Wapo Intwaza, wazazi waliopoteza watoto wao wote katika mauaji hayo. Baadhi wanaishi katika nyumba za Impinganzima, Huye, Bugesera na Rusizi, wengine wako mitaani petu na wanachama wenzao wa AVEGA, chama cha wajane wa mauaji hayo, ndio familia. Kwao kumbukumbu ikiondoka hakuna mwana wa kuishika. Kila jirani wa mzee kama huyo na anunue daftari la kawaida na kuandika, akiwa bado anaweza kueleza: majina ya watoto wake wote kwa mpangilio, kilima alichozaliwa, mume alimwitaje, chakula asichokila, wimbo anaoupenda, jambo ambalo lisitajwe mbele yake. Daftari hilo likae pale kitandani. Muuguzi mgeni akilisoma dakika tano atamhudumia mtu, si kitanda namba saba.

Ndani ya nyumba mambo ni mengi na kila familia itagundua yake. Nitaje machache yanayoleta ugomvi wa kila siku. Usimuulize "unanikumbuka?" Ni mtihani, naye anajua anafeli. Sema, "Mama, ni mimi, mwanao wa Kimironko, nimekuletea ndizi." Swali lililorudiwa mara kumi lijibu kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza, ukishindwa, toka nje upumue, urudi. Kuoga ndiko vita kubwa, hasa kwa mama aliyejistiri maisha yake yote. Maji yawe vuguvugu kwenye beseni, chumba kiwe na joto, umfunike kitenge mabegani na kumwosha sehemu moja moja chini yake, ukimweleza kabla ya kugusa, na wa kumwosha awe mwanamke. Siku akikataa kabisa, uso, mikono na miguu vinatosha. Jiko la makaa na gesi visimamiwe. Taa ndogo iwake njia ya chooni usiku kucha. Na mwachieni kazi: achambue maharage, akunje nguo, amwagilie maua, hata kama utarudia baadaye kwa siri.

Anayemuuguza naye ni mtu. Mara nyingi ni binti mmoja, au mkwe, ambaye ndugu wote wamemteua kimya kimya kwa sababu hajaolewa au hana kazi ya ofisi. Huu si uungwana. Ukoo ukae kikao, uandike zamu kwa majina na siku. Aliyeko Brussels au Montreal asitume fedha tu. Alipie mtu wa kukaa na mzee kila Jumamosi, na yeye mwenyewe apige simu ya video kila Jumapili saa ile ile. Na majirani mnaosema "ukihitaji chochote tuambie," hatawaambieni. Nendeni mseme, "Alhamisi nitakaa na bibi kuanzia saa nane, wewe nenda kalale."

Mali ishughulikiwe mgonjwa akiwa bado na uamuzi wake. Kuna walioweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza kiwanja kwa bei ya bati. Kaeni kikao cha familia mbele yake, mwulizeni anataka nini, mwende kwa notari wa sekta. Na kama ndugu hawaelewani, ofisi ya MAJ iliyoko kila wilaya hutoa ushauri wa sheria bila malipo. Simu yake ya kutumia fedha ibaki na kiasi kidogo tu, maana matapeli wanaoomba namba ya siri wanawatafuta hasa wazee.

Kwa walio wazima bado, tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2024 ilihesabu visababishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, na kukadiria kwamba vikishughulikiwa vyote, takriban wagonjwa 45 katika kila 100 wasingeugua, au wangechelewa kuugua. Shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, masikio yasiyosikia, macho yasiyotibiwa, upweke, kukaa bila kutembea. Zile Jumapili za mji bila magari tulizozizoea tangu 2016, ambako hupimwa shinikizo na sukari bure, zitumieni. Mchukue mama mwenye umri wa miaka 50 akapimwe wakati wewe unakimbia. Masikio yaanzie na kitu rahisi, kuondolewa nta.

Ugonjwa ukifika mwisho, mgonjwa atalala, atakula kidogo, atapoteza maneno. Mlishe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo, uji mzito kuliko maji, usimharakishe. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Asiyeweza kusema maumivu atayaonyesha kwa kukunja uso, kwa kuguna anapoguswa, kwa kukakamaa. Rwanda ilipitisha sera yake ya huduma ya kutuliza maumivu mwaka 2011, na mofini ya kunywa hutengenezwa humu humu nchini. Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya aulizwe juu ya huduma hiyo nyumbani, asingojwe aitaje mwenyewe.

Tarehe 21 Septemba dunia huadhimisha siku ya Alzheimer, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo huo sisi tuna umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Ombeni robo saa katika kikao cha baada ya kazi. Asimame mshauri wa afya aeleze dalili, asimame mtu wa familia iliyo tayari kusema, na watu waulize maswali, hata yale ya kulogwa. Mzee mwenye demensia aliyezoea umuganda aje, apewe jembe jepesi, alime kando ya rafiki yake wa siku zote. Anayetaka kulianzisha hili kijijini kwake amwone mkuu wa umudugudu wiki mbili kabla, na aende pamoja na mshauri wa afya, ili jambo liingie kwenye orodha ya mazungumzo kabla haijajaa habari za taka na ulinzi wa usiku.